Mwiba, Hofu na Kisu: Jinsi ya Kujiweka Tayari kwa Kupasuliwa Mguu

Katika nchi yetu hii ya Garissa hapana mtu asiyejua mwiba. Anayechunga huchomwa na mgunga, na anayelima kando ya mto Tana huchomwa na mathenge, ule mti uliopandwa Bura na Hola katika miaka ya 1980 ili tupate kuni, na ambao leo umetuingilia mashambani na mifereji. Mtu hukaa chini, huutoa mwiba kwa pini, akaendelea na kazi. Mara nyingi jambo huishia hapo. Lakini mara nyingine haliishii hapo, na makala hii ni ya wale ambao halikuishia hapo.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Kazi yangu ni kuandika hesabu za mbegu na maji, wala si kutibu watu. Lakini baada ya majuma matatu nitapasuliwa wayo wa mguu wa kushoto, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa mwanafunzi wa jambo hili. Nimeuliza maswali mengi, na mengine niliona haya kuyauliza. Wakulima wengi wa skimu zetu watakutana na jambo kama hili, ama wao wenyewe ama watu wa nyumbani kwao. Kwa hiyo nimeonelea niyaandike niliyojifunza.

UGONJWA WENYEWE

Uko ugonjwa uitwao maisetoma. Wengine huuita mguu wa Madura, kwa sababu ulielezwa na daktari John Gill katika mwaka 1842 kule Madurai, Bara Hindi. Ni ugonjwa wa nchi kavu zenye miiba kama Sudan, Somalia na kaskazini ya Kenya. Vijidudu vyake, ambavyo vingine ni vya jamii ya kuvu na vingine ni bakteria, hukaa katika udongo na juu ya miiba. Mwiba ukichoma, huingia pamoja nao.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauumi. Kwanza huja uvimbe mdogo, mgumu, kama punje ya mahindi chini ya ngozi. Hukua polepole kwa miezi na miaka. Halafu hutokea matundu madogo yanayotoa maji au usaha, na ndani yake chembe mfano wa mchanga, nyeusi, nyeupe, njano au nyekundu. Ukiachwa sana hufika katika mifupa na kuila.

Katika mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliutia ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Madaktari wa Khartoum walikuwa na kituo cha kuutibu na kuuchunguza tangu mwaka 1991, na mengi yajulikanayo leo yametoka kwao. Uvimbe wa bakteria mara nyingi hupona kwa dawa peke yake. Uvimbe wa kuvu hutibiwa kwa dawa ya kumeza kwa miezi mingi, kisha hupasuliwa na kuondolewa wote, kisha dawa huendelea. Uvimbe ukiwa mdogo, kisu nacho hufanya kazi ndogo. Ukiwa umekwisha kuingia mifupani, huenda ikabidi mguu ukatwe.

Maisetoma si sababu pekee ya kupasuliwa mguu. Wako wenye ugonjwa wa sukari ambao vidonda vyao vya miguu havifungi, wako waliovunjika mfupa, na wako wenye mwiba uliozama ukaoza ndani. Ugonjwa wa kila mmoja ni mbali, lakini hofu yao ni moja.

KOSA LANGU

Uvimbe wangu niliuona miaka miwili iliyopita. Sikumwambia mtu. Nilinunua viatu vikubwa zaidi, na kila jioni nilipovua niliubonyeza kwa kidole kuona kama umekua. Niliukuta umekua, nami nikajiambia haukukua. Mtu anayefundisha watoto kusoma anaweza kukataa kusoma kilichoandikwa katika wayo wake mwenyewe!

Sababu ilikuwa moja tu, nayo ni woga. Nilijua nikienda hospitali nitaambiwa habari ya kisu.

Mwishowe nilikwenda, nikapigwa picha ya eksirei, na kipande kidogo cha nyama kikatolewa kupimwa. Nilipokuwa nikingoja katika benchi, alikuja kukaa karibu nami mzee mmoja mkulima wa ndizi, mwenye magongo. Mguu wake mmoja ulikuwa umekatwa chini ya goti. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe una nini?" Nikamwonyesha. Akautazama sana, akasema, "Wangu ulianza hivihivi. Nilikaa nao miaka tisa. Watu husema daktari alinikata mguu. Sivyo. Mguu wangu ulikatwa na ile miaka tisa."

Neno lile sikulisahau. Daktari aliniambia kwamba wangu haujafika mfupani, akanipa vidonge vya kumeza kwa miezi sita, na sasa tarehe ya kupasuliwa imekaribia.

HOFU NI NINI

Mkulima huogopa ukame, huogopa mafuriko, huogopa ndege katika mpunga, wala hakuna amchekaye. Basi na kuogopa kisu si aibu. Moyo kwenda mbio, jasho la mikono, tumbo kusokota, usingizi kukimbia: hizo ni kazi za mwili ulioumbwa ujilinde na hatari. Si dalili ya udhaifu wala ya uchache wa imani.

Hofu huwa mbaya inapotuamuru. Humwambia mtu, "Ngoja mwezi mmoja", na mwezi huzaa mwaka. Au humfanya atoroke wodini usiku wa kuamkia siku yake, na nafasi yake ikapotea.

Hofu hukua gizani. Kile mtu asichokijua, akili yake hukichora, na akili ya mwoga huchora vibaya. Katika mwaka 1964 madaktari wa hospitali moja kubwa ya Boston, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Nusu yao walishughulikiwa kwa desturi ya siku zote. Wengine walitembelewa na daktari wa dawa ya usingizi, akawaeleza maumivu yatakuwa wapi, yatadumu kadiri gani, na wafanye nini ili yapungue. Wale walioelezwa walihitaji karibu nusu tu ya dawa ya maumivu, na walirudi nyumbani mapema kuliko wenzao. Kisu kilikuwa kilekile. Kilichozidi ni maelezo.

Basi dawa ya kwanza ya hofu ni kuuliza.

MASWALI YA KUULIZA

Yaandike katika karatasi, maana mbele ya daktari mtu husahau. Kama huandiki, mwombe mtoto wa shule akuandikie. Kama Kiswahili au Kiingereza kinakupiga chenga, nenda na mtu wa kukufasiria, na afadhali awe mtu mzima kuliko mtoto. Mimi niliuliza haya:

1. Mtaondoa nini hasa, na kidonda kitakuwa na ukubwa gani?
2. Nisipopasuliwa, itakuwaje?
3. Je, iko hatari ya kukata zaidi ya tulivyopatana, na mtaniuliza kwanza?
4. Nitapewa dawa gani ya kuondoa maumivu?
5. Nitalala hospitali siku ngapi, na nitakanyaga chini lini?
6. Ni gharama gani, na bima italipa kiasi gani?

Swali la tatu ndilo lililokuwa likinizuia usingizi. Kabla ya kupasuliwa utapewa karatasi ya kukubali uweke sahihi au kidole gumba. Usiifanye mpaka umesomewa na umefahamu. Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki ya mgonjwa.

Juu ya gharama, kumbuka kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF imeondoka na mahali pake ipo SHA. Kadi ya zamani haitoshi. Hakikisha umeandikishwa na malipo yako yamekamilika majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe, si mlangoni mwa hospitali.

KUUTAYARISHA MWILI

Hakuna apandaye mbegu katika shamba lisilolimwa. Mwili nao hutayarishwa.

Sigara huchelewesha kidonda kufunga. Ni vema kuacha mwezi mzima kabla, au zaidi. Miraa huupandisha moyo mbio na damu kwa nguvu, na hilo huweza kuleta taabu wakati wa dawa ya usingizi. Iache kabla ya siku hiyo kwa muda utakaoambiwa, na ukiwa umetafuna, sema kweli. Daktari hakuulizi ili akushitaki. Huuliza ili asikudhuru. Vivyo hivyo mwambie dawa zote unazotumia, na za miti shamba pia. Mwenye ugonjwa wa sukari au wa damu kupanda asiache dawa zake wala asiziongeze kwa akili yake mwenyewe. Aulize azitumie vipi siku ile.

Kula vizuri katika majuma yaliyobaki: maharagwe, mayai, maziwa, nyama ikiwapo, mboga na matunda. Nyama mpya ya kidonda hujengwa kwa chakula hicho.

Mguu wenyewe uoshe kwa maji na sabuni kila siku. Usiunyoe kwa wembe nyumbani, maana mikato midogo ya wembe huingiza uchafu. Usiupake mafuta wala dawa yoyote ambayo hukuandikiwa. Akina mama wasipake hina kuchani siku hizo, kwa maana kidole hutiwa kibanio kidogo chenye taa cha kupimia hewa katika damu, na hina nyeusi huweza kukizuia kisisome vizuri.

KUTAYARISHA NYUMBA NA SHAMBA

Hapa ndipo wakulima wengi hukosea. Mtu huwaza hospitali tu, akasahau kwamba taabu kubwa iko nyumbani.

Kwanza shamba. Kama daktari amesema jambo laweza kungoja kidogo, chagua wakati baada ya mavuno na nje ya mvua. Tunakumbuka Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024, maji yalivyokata barabara ya Garissa na watu wakakwama. Mwenye kidonda anayepaswa kurudi hospitali kila juma asijitie katika taabu hiyo akiweza kuiepuka. Lakini kama daktari amesema haliwezi kungoja, basi nyanya na zioze! Nyanya hupandwa tena.

Patana mapema na jirani juu ya zamu yako ya maji, na mwambie msimamizi wa mfereji ili pasiwe na ugomvi. Andika nani atakamua, nani atachunga, nani atanyunyizia maembe dawa. Mimi nimekwisha kumwonyesha mwenzangu ofisini mahali pa daftari zote, na usiku ule nililala vizuri kuliko nyakati zote za nyuma. Nusu ya hofu yangu ilikuwa ni kazi ambayo sikuipanga.

Pili nyumba. Hesabu hatua kutoka kitandani mpaka chooni. Choo cha kuchuchumaa ni taabu kwa mtu wa mguu mmoja. Fundi aweza kukata tundu katika kiti cha mbao kikawekwa juu ya shimo. Ondoa mawe na kamba njiani. Pata magongo mapema, ujizoeze kutembea nayo ukiwa bado mzima, wala usingoje kuyajifunza ukiwa na maumivu. Tafuta pia mto au gunia safi la kuinulia mguu, kwa maana mguu ukilazwa juu kuliko moyo, uvimbe hupungua.

Tatu mtu. Chagua mtu mmoja wa kukaa nawe, asiye na maneno mengi ya kutisha. Wako watu ambao wakija kukuangalia hawana habari ila za waliokufa. Wape chai, uwashukuru, na usiwape kiti karibu na kitanda.

SIKU YENYEWE

Utaambiwa usile. Kwa kawaida mtu mzima hukaa bila chakula saa 6 kabla, na maji matupu huachwa saa 2 kabla. Lakini fuata saa utakazopewa na hospitali yako. Fahamu kwamba maziwa, hata ya ngamia, na chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Sababu ni hii: mtu aliyelazwa usingizi wa dawa anaweza kutapika, na chakula kikaingia mapafuni. Anayekula kwa siri hamdanganyi daktari, anajihatarisha mwenyewe.

Mguu wa kupasuliwa utatiwa alama kwa kalamu. Tazama alama hiyo kwa macho yako. Halafu utaulizwa jina lako na mguu upi, na mtu mwingine atakuuliza tena, na wa tatu tena. Usikasirike ukadhani hawajui kazi. Ndiyo kanuni iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani katika mwaka 2008. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane ya dunia, na mmoja wapo ulikuwa Ifakara, hapa kwa jirani zetu Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kabla ya kanuni, katika kila wagonjwa 1,000 walikufa 15, baada yake walikufa 8. Maswali yale yanayochosha yameokoa watu.

Kwa mguu, mara nyingi hutolewa sindano ya mgongoni. Toka kiunoni kwenda chini hufa ganzi. Mtu yu macho lakini hasikii maumivu. Huenda akahisi kuvutwa au kusukumwa, na hilo lisimshtue. Wengine hupewa nusu kaputi wakalala kabisa. Kila wakati yuko mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia pumzi na moyo wako tu. Ukihisi maumivu au kichefuchefu, sema. Usivumilie kwa ajili ya heshima.

HOFU IJAPO USIKU

Mchana mtu ana shughuli. Usiku hofu huja kukaa kitandani. Muuguzi mmoja alinifundisha jambo dogo. Vuta pumzi puani polepole ukihesabu mpaka 4, uitoe polepole ukihesabu mpaka 6, na ufanye hivyo kwa dakika tano. Pumzi inayotoka taratibu huutuliza moyo. Mwanzoni nililidharau, sasa nalifanya kila usiku.

Sali, kwa dini yako. Mwislamu asihofu kwamba bendeji itamzuia ibada: amwulize sheikh wake, atamwelekeza jinsi ya kupangusa juu ya bendeji na kusali amekaa au amelala. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga na kulipa baadaye.

Tena sema na mtu. Nilipomwambia mke wangu kwamba naogopa, alicheka kidogo, akasema, "Nilijua tangu uliponunua vile viatu vikubwa." Miaka miwili nilikuwa nikificha kitu kilichokuwa wazi. Lakini kama hofu inakukataza kula na kulala kwa majuma, mwambie daktari. Hiyo nayo ina matibabu.

BAADAYE

Usikanyage chini mpaka uruhusiwe. Kidonda kisiguse maji ya mfereji wala tope, hata kama zamu yako ya maji inapotea. Maliza dawa zote, hata uvimbe ukionekana umekwisha, kwa maana kuvu iliyobaki hurudi. Rudi hospitali upesi ukiona homa, usaha au harufu mbaya, damu isiyokoma, vidole baridi au vilivyobadilika rangi, au nyama ya nyuma ya mguu imevimba na kuuma. Pumzi ikikubana ghafula au kifua kikiuma, usingoje asubuhi.

Na ukirudi shambani, rudi na viatu. Kila mtu wa nyumbani awe navyo, watoto wachungao kuliko wote.

NENO LA MWISHO

Sitawadanganya wasomaji kwamba sasa siogopi. Naogopa. Lakini karatasi yangu ya maswali imejaa majibu, zamu ya maji imepata mtu, kiti cha choo kimekwisha kutengenezwa, na magongo yako nyuma ya mlango. Hofu bado ipo, ila siyo inayoendesha tena.

Ndugu mkulima, leo jioni ukiosha miguu yako, itazame chini ya wayo na kati ya vidole. Watazame na watoto. Ukiona uvimbe usiouma, usinunue viatu vikubwa. Nenda zahanati, ukaonyeshe ungali mdogo.